Mate ya Nani Kwenye Ua?

Bathsheba alikuwa mtu wa ufagio. Kabla jua halijachomoza, yeye ameshafagia. Alifagia mbele ya nyumba, akafagia nyuma, akafagia mpaka njia ya kwenda chooni. Kuku wake walipoona ufagio walijiondokea wenyewe bila kufukuzwa. Majirani pale Uriri walimtania. Walisema mgeni akifika kwa Bathsheba huogopa hata kuweka mguu chini.

"Chekeni tu," aliwajibu. "Uchafu ndio ugonjwa. Watoto wangu hawalali hospitalini ovyo ovyo."

Bathsheba na mumewe, Omwenga, walikuwa Wakisii. Walihamia Uriri na kununua shamba dogo katikati ya Wajaluo. Omwenga aliuza vitunguu na ndizi sokoni. Bathsheba alilima mahindi na sukuma wiki, akalea watoto. Mtoto wao mkubwa aliitwa Cephas. Jumamosi familia yote ilienda kanisa la Wasabato. Kwa hiyo Ijumaa, kabla ya jua kutua, kila kitu kilikuwa kimeoshwa: sufuria, nguo, sakafu na watoto.

Shamba lao lilizungukwa na ua wa maua makech. Ndivyo Wajaluo wanavyoyaita, maana yake maua machungu. Ni kichaka kirefu kuliko mtu, chenye maua makubwa ya njano. Majani yake ni machungu kweli kweli. Hadithi hii ni ya ua huo, na ya yale yaliyoonekana juu yake. Si hadithi ya kuchekesha, ingawa ingeweza kuwa hivyo kama watu wangetazama mapema.

Omwenga alikuwa na mdogo wake aliyeitwa Arasa. Arasa alifanya biashara ya omena, wale dagaa wa ziwani. Alinunua kule Kisegi, kando ya ziwa, na kuja kuuza Uriri. Mke wake alifariki na kumwachia binti mmoja, Bitutu. Mtoto huyo alilelewa na Bathsheba pamoja na watoto wake. Alimwita Bathsheba mama. Arasa alikuwa tata wake, kama Wakisii wanavyowaita baba zao.

Siku ya Arasa kurudi kutoka Kisegi, Bitutu hakushikika. Alikimbia mpaka barabarani akarukia shingo ya baba yake, pamoja na harufu yote ya omena.

"Arasa, mtoto nimemwosha sasa hivi!" Bathsheba alipiga kelele.

"Muoshe tena, shemeji," Arasa alisema. "Sabuni nitanunua mimi." Na kweli alinunua.

Kisha Arasa akaanza kukohoa. Mwanzoni alisema ni vumbi la barabarani. Miezi ikapita. Usiku alitokwa na jasho mpaka shuka likalowa. Shati lake likamning'inia mwilini. Siku alipotema damu, Omwenga hakungoja tena. Alimpeleka hospitali Homa Bay. Makohozi yakapimwa. Daktari akasema ni kifua kikuu, ugonjwa ambao wengi huuita TB.

Arasa alilazwa. Alidungwa sindano, akameza vidonge, akaanza kupata nafuu. Alipokuwa tayari kurudi nyumbani, muuguzi aliwaita Omwenga na Bathsheba.

"Huyu ndugu yenu anapona," muuguzi alisema. "Lakini dawa bado. Ameze kila siku mpaka tumwambie aache. Akiacha katikati, ugonjwa unarudi, na safari hiyo unarudi na nguvu."

"Na watoto wetu?" Bathsheba aliuliza.

"Amemeza dawa muda wa kutosha. Siyo wa kuambukiza tena kama alivyokuwa mwanzoni. TB hupita kwa hewa, mtu mgonjwa akikohoa. Kwa hiyo afunike mdomo akikohoa. Alale penye dirisha wazi. Makohozi ateme kwenye mkebe wenye kifuniko, kisha myamwage chooni. Lakini kaeni naye. Kuleni naye. Mtu akitengwa, hata dawa humshinda."

Bathsheba alisikia maneno yote. Alisikia vizuri sana habari ya mkebe. Habari ya kula pamoja ilipita upande mwingine.

Tusimhukumu upesi. Miaka ile, watu wa kando ya ziwa walikuwa wakizika karibu kila wiki. Vijana wenye nguvu walikuwa wakikonda na kufa. Wengine walisema ni laana. Wengine walisema ni ule ugonjwa mpya. Mtu akikohoa sokoni, watu walisogea. Hofu ikikaa na mtu kwa muda mrefu, huanza kumpa ushauri.

Omwenga alimjengea mdogo wake kibanda pembeni mwa shamba, karibu na ua. Ili kupata nafasi, alifyeka ua upande ule. Baada ya muda, mashina yakachipuka upya, machipukizi laini ya kijani. Arasa aliweka kigoda chake hapo akawa anaota jua la asubuhi. Mkononi alikuwa na mkebe wa mafuta ya kupikia, wenye kifuniko. Akikohoa, aligeuka, akafungua, akatema, akafunika.

Bitutu alikatazwa kuingia kibandani. Lakini alikuwa akienda kusimama nje, nao wakaongea. Arasa alimfundisha kuhesabu kwa mbegu za maharagwe. Mwili wake ulikuwa unarudi. Alianza kusema habari za kwenda tena Kisegi kununua omena.

Mwezi wa nne mvua ikashika. Asubuhi moja Bathsheba alikuwa akifagia upande wa kibanda, akaona kitu cheupe kwenye chipukizi la ua. Alisogea kidogo. Yalikuwa mate. Mate yenye povu, mazito, yakiwa yamening'inia penye jani. Alitazama pembeni akaona mengine. Na mengine.

Yalikuwa upande wa Arasa tu. Yalikuwa chini chini, usawa wa mdomo wa mtu aliyekaa kwenye kigoda.

Bathsheba alirudi nyumbani. Hakumwuliza Arasa. Alimwambia mumewe.

"Ndugu yako anatema kwenye ua. Watoto wanapita pale."

"Ana mkebe," Omwenga alisema.

"Mkebe ni wa kutuonyesha. Kesho nenda uone mwenyewe."

Kesho yake Omwenga alienda kutazama akiwa mbali. Mate yalikuwepo, mapya, yanang'aa. Alikuna kichwa. Akarudi zake. Omwenga alikuwa mtu wa kunyamaza, na mara nyingi jambo hilo lilimsaidia. Safari hii halikumsaidia yeyote.

Ijumaa ikafika. Bathsheba alichemsha maji, akawaita watoto waoge kwa ajili ya Sabato. Walikuja mmoja mmoja. Bitutu alikuwa wa mwisho. Alikuja akikimbia kutoka upande wa kibanda. Kwenye mkono wake, kuanzia kiwiko mpaka karibu na bega, palikuwa na povu jeupe.

Bathsheba aliacha kikombe cha maji kikaanguka.

"Hii ni nini?"

Mtoto akatazama mkono wake. "Sijui. Nilikuwa na tata."

"Alikuwa anafanya nini?"

"Alitaka kunionyesha kitu kwenye maua. Halafu ukaniita."

Bathsheba hakutaka kujua ni kitu gani. Alimshika mtoto, akamsugua ule mkono kwa sabuni ya kipande. Akasugua kwa majivu. Akasugua mpaka ngozi ikawa nyekundu na Bitutu akalia kwa sauti.

"Baba yako amekutemea mate!" Bathsheba alisema, naye analia. "Unaelewa? Amekutemea ugonjwa!"

Kisha akaenda moja kwa moja kwenye ua. Hakufika. Alisimama hatua chache kabla, mikono kiunoni.

Arasa alikuwa amesimama kando ya ua. Mkono mmoja ulishika unyasi mrefu. Mwingine ulishika mkebe.

"Arasa, tumekukosea nini?" Bathsheba aliuliza. "Tumekujengea. Tunakupikia. Unamtemea mate hata mtoto wako?"

Arasa alishangaa. Alitazama ua, akaelewa. Akainua mkebe.

"Shemeji, mate yangu yako humu. Haya mengine si yangu. Hata mimi nilishangaa nilipoyaona. Nimeyafungua kwa unyasi. Kuna kadudu ndani. Njoo uone."

"Kadudu! Kadudu gani kanatema mate ya mtu?"

"Njoo tu uone. Kama unaogopa, mimi nitarudi nyuma."

Akarudi nyuma. Akarudi mpaka mgongo wake ukagusa ukuta wa kibanda, ili shemeji yake apate nafasi ya kusogea bila hofu. Alifunika mdomo kwa kitambaa. Alinyoosha ule unyasi kuelekea kwenye jani.

"Hapo, shemeji. Njoo uone."

Zilikuwa hatua chache tu. Bathsheba angezitembea, hadithi hii ingekuwa fupi. Hakuzitembea. Aligeuka, akarudi kumalizia kuogesha watoto.

Jumapili Omwenga alichukua panga. Alikata ua wote upande ule, mpaka chini. Akakusanya matawi, akayatia moto. Arasa alikaa kwenye kigoda akitazama moshi.

"Omwenga," alisema, "hata wewe?"

"Nina watoto, Arasa."

"Mimi pia ninaye."

Omwenga aliendelea kusukuma matawi motoni. Hakuinua uso.

Tangu siku hiyo Bitutu hakuruhusiwa kupita upande ule kabisa. Cephas ndiye aliyepeleka chakula, akakiweka chini mbali na mlango, akarudi mbio. Arasa alikaa hivyo kwa muda. Kisha asubuhi moja walikuta kibanda kitupu. Alikuwa ameondoka na blanketi lake, dawa zilizobaki na mkebe. Alikuwa amefagia sakafu.

Alirudi Kisegi. Dawa zilipoisha hakwenda kuchukua nyingine. Mwenzake wa biashara alimsihi sana.

"Kuna kliniki hapa hapa karibu. Twende nikusindikize."

"Nitaenda kesho," Arasa alisema. Alisema hivyo kila siku. Mtu aliyeogopwa na watu wake mwenyewe huona dawa kuwa kazi nzito. Kikohozi kikarudi, na kama muuguzi alivyosema, kilirudi na nguvu.

Mwisho wa mwaka aliletwa nyumbani kwa pikapu, ndani ya jeneza. Pamoja naye lilikuja gunia dogo. Ndani yake mlikuwa na shati, blanketi na mkebe. Mkebe ulikuwa umeoshwa, na kifuniko kimebanwa vizuri. Bathsheba aliushika, akautazama, akaurudisha guniani haraka. Kitu fulani kilimchoma moyoni, lakini kulikuwa na wageni wa kulisha.

Walimzika pembeni mwa shamba, pale kibanda kilipokuwa. Mchungaji alimwita Bitutu aje atie udongo kaburini. Mtoto hakusogea. Aliuficha mkono wake nyuma ya mgongo.

"Nenda, ni baba yako," Cephas alimnong'oneza.

"Alinitemea," Bitutu alisema.

Wote waliokuwa karibu walisikia. Bathsheba alitazama chini.

Kiangazi kikapita. Ua uliokatwa ulichipuka tena, ukakua mpaka ukaanza kutupa kivuli juu ya kaburi. Bitutu alizunguka nyumba nzima ili asipite pale. Usiku mwingine alijikuna mkono ule ule, hata kama hapakuwa na kitu. Alikuwa mtoto mchangamfu, sasa akawa mtoto wa kujibu "ndiyo" na "hapana".

Mwezi wa nne mvua ikanyesha. Bathsheba alitoka na ufagio wake kama kawaida. Alifagia mbele, akafagia nyuma, akafika pembeni penye kaburi. Akainua macho.

Kwenye machipukizi, juu kidogo tu ya udongo wa kaburi, palikuwa na mate. Mapya. Yanang'aa.

Ufagio ulimponyoka. Aliyekuwa akilaumiwa kwa mate yale alikuwa chini ya udongo tangu mwaka uliopita. Bathsheba alisimama pale. Akakaa chini, yeye asiyependa uchafu, akakaa kwenye tope.

Omwenga alikuja, akaona, akaenda kuchukua panga. Jirani mmoja aliyekuwa akipita alisema ni Arasa amekasirika, aombewe upesi.

"Usikate," Bathsheba alisema.

"Unataka nini nao?" Omwenga aliuliza.

"Sijui. Lakini mwaka jana tulikata. Safari hii usikate."

Siku hiyo hiyo alifika Emmaculate. Huyu alikuwa afisa wa kilimo wa eneo lile, mama Mjaluo mwenye viatu vya gambuti na baiskeli iliyochoka. Alikuwa ameahidi kupita kwa wakulima awafundishe kutumia majani ya maua makech kama mbolea. Aliegesha baiskeli, akasalimia kwa sauti kubwa, akaelekea kwenye ua.

"Mama Cephas, mko na mali hapa na hamjui! Hii majani ukikata, ukazika kwa shamba kabla ya kupanda, mahindi itakuwa ya kijani mpaka mtashangaa. Haihitaji hata pesa."

Huku akisema, aliingiza mkono katikati ya ua kutafuta tawi laini. Mkono ulitoka na povu. Aliufuta kwenye sketi yake, akaendelea kuongea.

"Madam!" Bathsheba alipiga ukemi. "Toa mkono! Toa mkono!"

Emmaculate aliruka nyuma. "Nyoka?"

"Mate! Umeshika mate!"

Emmaculate alitazama mkono wake, kisha akaangua kicheko. "Yawa! Umenishtua bure. Hii? Hii si mate ya mtu."

"Ni ya nani?"

"Kuja nikuonyeshe."

Safari hii Bathsheba alienda. Kila hatua ilikuwa nzito. Emmaculate alichuma unyasi mkavu, akafungua povu taratibu.

"Angalia hapo katikati. Usiangalie povu, angalia ndani. Unaona?"

Bathsheba aliinama. Ndani ya povu kulikuwa na mdudu mdogo, laini, rangi ya kijani iliyopauka. Alikuwa mdogo kuliko punje ya mchele. Kichwa kilielekea chini, na mdomo ulikuwa umedungwa kwenye chipukizi.

"Ni kadudu," Bathsheba alisema polepole.

"Ndio. Kwa Kiingereza iko na jina yake, lakini wewe iite mdudu wa povu. Inadunga mti na mdomo kama sindano, inafyonza maji ya mti. Hiyo maji haina chakula mingi, kwa hivyo lazima ifyonze kabisa. Ile inabaki inatoka huku nyuma. Inachanganya na ute wake, inapulizia hewa, inakuwa povu."

"Ya nini?"

"Ni nyumba yake. Bado ni mtoto, haina mabawa, ngozi ni laini. Jua ikiipiga inakauka. Siafu wakiiona wanakula. Sasa inajificha ndani ya povu. Ikikomaa inakuwa kahawia, inaota mabawa, inaruka kama kachura. Hapo inaachana na povu."

Emmaculate alimwinua yule mdudu kwa ncha ya unyasi, akamfuta povu lote, akamweka kwenye chipukizi jingine lililokuwa safi na kavu.

"Ngoja uone mwenyewe. Usiamini maneno yangu tu."

Walingoja. Mdudu alitembea kidogo, akageuka, akatulia. Baada ya muda, tone dogo likatokea nyuma yake. Kisha kipovu kimoja, na kingine. Vipovu vikaongezeka, vikapanda mgongoni. Bathsheba alitazama mate yakizaliwa mbele ya macho yake, na hapakuwa na mdomo wa mtu karibu.

"Mwaka jana," alisema. "Mwaka jana pia ilikuwa hii?"

"Kila mwaka mvua ikishika."

"Lakini ilikuwa upande huu tu. Upande ule mwingine hapakuwa na kitu."

"Huku mlikuwa mmekata?"

"Tulifyeka, tukajenga kibanda."

"Basi ndio hiyo. Ilichipuka upya. Hii mdudu inapenda machipukizi laini. Ule upande mwingine ni mashina ya zamani, ngumu."

"Na ukitaka kujua kama ni mate ya mtu?"

"Chukua unyasi, fungua. Ya mtu haina mdudu ndani. Ya mtu ikipigwa na jua inakauka, imeisha. Hii unaifuta asubuhi, jioni unaikuta tena, kwa sababu mwenyewe yuko. Haiumi mtu. Mti mkubwa hausikii. Kama zimejaa kwa mche mdogo, toa na mkono ama mwagilia maji kwa nguvu. Usinunue hata dawa."

Kisha Bathsheba akauliza swali ambalo alikuwa analiogopa.

"Madam, ikimgusa mtoto, inaweza kumpatia TB?"

Kicheko cha Emmaculate kiliisha. Alimtazama Bathsheba. Alitazama kaburi. Alimwona Omwenga amesimama na panga, kichwa chini.

"Hapana, mama," alisema kwa upole. "Hapana kabisa. Mimi ni mtu wa kilimo, lakini hiyo najua. TB inapita kwa hewa. Haiko kwa majani. Haiko kwa hii povu."

"Tuliambiwa," Bathsheba alisema. "Homa Bay tuliambiwa. Na yeye mwenyewe alituambia. Aliniambia njoo uone. Alirudi nyuma mpaka ukutani ili mimi nije. Madam, sikuja."

Alilia pale pale. Emmaculate hakuelewa yote, lakini alikaa chini karibu naye kwenye tope. Omwenga alitupa panga, akaenda nyuma ya nyumba. Walimsikia akilia huko, kilio cha mtu asiyezoea.

Mchana ulikuwa mrefu siku hiyo. Bathsheba alingoja Bitutu atoke shuleni. Alipomwona, hakumpa hata nafasi ya kuweka mfuko chini.

"Bitutu, njoo."

Mtoto alipoona wanaelekea wapi, alisimama. Akauficha mkono nyuma.

Bathsheba alienda mpaka kwenye ua. Akaingiza mkono wake mwenyewe katikati ya povu, akautoa umelowa, akauinua mtoto auone. Kisha akarudi nyuma. Akarudi hatua kadhaa, mpaka pale ukuta wa kibanda ulipokuwa zamani.

"Mama ameshika, na hakuna kitu," alisema. "Chukua unyasi. Njoo uone."

Bitutu alisogea kidogo kidogo. Alichukua unyasi. Alifungua povu, akainama, akatazama kwa muda mrefu.

"Kuna kadudu," alisema.

"Ndiyo. Povu ni lake. Analitengeneza mwenyewe."

Mtoto alifikiri. "Tata alikuwa anataka kunionyesha hii?"

"Ndiyo."

"Hakunitemea?"

"Hakukutemea, mwanangu. Hakuwahi kukutemea. Mate yake yalikuwa kwenye mkebe siku zote. Mimi ndiye niliyesema vile. Nilisema kitu nisichokijua."

Bitutu alitazama mkono wake, ule uliosuguliwa kwa majivu. Kisha akamtazama Bathsheba.

"Mama, kwa nini hukuenda kuona?"

Bathsheba alimkumbatia mtoto, na mtoto akakubali kukumbatiwa. Kisha Bitutu akajitoa polepole, akaenda kaburini. Alichota udongo kwa mkono ule, akautia juu ya kaburi, kama alivyoambiwa siku ya mazishi.

Mwaka uliofuata jirani yao Mellen alirudi kutoka hospitali na dawa za TB. Mama mkwe wake aliona povu kwenye kichaka karibu na mlango, akaanza kuwaondoa wajukuu. Habari zilimfikia Bathsheba akiwa jikoni. Aliacha ugali motoni. Alienda pale akiwa na unyasi mkononi, akamshika yule mama mkwe mkono, akamvuta mpaka kwenye kichaka. Hakumwachilia mpaka amwone mdudu. Kisha akakaa ndani kwa Mellen, dirisha likiwa wazi, wakala ugali wa hapo kutoka sahani moja.

"Kwako ugali si umeungua?" Mellen aliuliza.

"Acha uungue," Bathsheba alisema.

Kila mwezi Bathsheba alimsindikiza Mellen kuchukua dawa. Mellen alimeza mpaka akaambiwa aache. Akapona. Sasa anauza nyanya sokoni, na sauti yake unaisikia kabla hujamwona.

Bathsheba bado anafagia kabla jua halijachomoza. Lakini akifika penye ua ule hupunguza mwendo. Omwenga hajaukata tena, ila majani anayochuma kwa ajili ya mahindi, na hayo huyachuma upande mwingine.

Mvua ikishika, Bitutu huenda kukaa kando ya kaburi, unyasi mkononi. Watoto wa jirani wakipita huwaita.

"Njooni muone," huwaambia. Wakishangaa mdudu, na wakiuliza ni nani aliyemfundisha, huwajibu wakiwa bado wameinama:

"Tata. Ndiye wa kwanza kumwona."